Tangi la Samaki Mahali pa Cherehani

Baba alikuwa akiziba dirisha la jiko langu jipya kwa gundi ya silikoni, na harufu yake, ile ya siki iliyokolea, ikanifukuza kwenye nyumba yangu mwenyewe. Nilitoka na kikombe cha chai mkononi, nikazunguka uani mara tatu, nikakiweka mahali, nikasahau nimekiweka wapi. Mume wangu hunitania kwamba tangu anioe hajaniona nikimaliza chai nikiwa nimekaa. Kweli tupu. Na nikinusa harufu hiyo ndiyo basi kabisa, miguu inataka kwenda na mimi mwenyewe sijui inataka kwenda wapi.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na rundo la matofali, anachambua maharage.

"Oti, kaa chini bwana. Unanizungusha kichwa."

"Si hiyo harufu, mama."

"Naijua," akasema, akatupa kijiwe kando, akaendelea na maharage yake.

Harufu hiyo ilianza kwetu Matogoro, nikiwa darasa la tatu, mwaka ambao mama aliondoka na cherehani.

Baba yangu ni fundi vioo. Nyumba nyingi za Songea zina madirisha aliyoyapima yeye, akayakata yeye, na wakati ule akayakimbia yeye kabla hajamaliza, maana alikuwa mtu wa haraka kupindukia. Alikula amesimama. Banda letu la kuku lilikuwa na ukuta mmoja na nusu. Na alikuwa na makelele. Hakuwahi kumpiga mama wala mimi, hilo niliseme wazi, lakini sauti yake ilikuwa ikijaza nyumba hadi mtu unakosa pa kusimama. Nilijifunza mapema kuziba masikio kwa viganja na kuhesabu, na mara nyingi nilifika sitini bado anaendelea.

Jioni moja alirudi akakuta vitambaa na nyuzi za mama zimetapakaa kwenye meza alipotaka kuchorea vipimo vyake. Akaanza. Mama akakusanya nyuzi bila kujibu, na kule kutojibu kukamzidishia hasira, akarusha rula yake ya chuma, ikaenda kupiga kioo cha kabati la mama. Kioo kikashuka chote. Mimi nilishtuka, halafu nikatulia, nikawaza kwa akili zangu za miaka tisa kwamba haina shida, baba si fundi vioo? Kesho ataweka kingine kizuri zaidi. Nilimwangalia mama anavyofagia vipande nikashangaa kwa nini analia wakati kioo kinapatikana bure.

Kesho yake gari la mkaa lilisimama nje, wakapakia begi kubwa na cherehani ya mama, ile ya kukanyaga kwa miguu. Baba hakuwepo. Aliporudi na kukuta pale dirishani pako patupu, na alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu, aliniambia mama ameenda kwao Lusewa kumuuguza bibi mzaa mama. Nikaamini. Sikujiuliza mgonjwa anashonewa nini.

Bibi mwingine, mama yake baba, akahamia kwetu ili niwe na mtu wa kunipikia. Bibi huyu alikuwa na vita moja maishani, vita dhidi ya maji mabichi. Kila asubuhi alichemsha sufuria kubwa, akayaacha yapoe, akachuja kwa kitambaa cheupe, akajaza ndoo na kuifunika kwa sahani. Shuleni nako tulikuwa tukiimbishwa hayo hayo, yachemshwe, yachujwe, yafunikwe. Mgeni akifika kwetu, hata kabla hajaulizwa habari za huko atokako, bibi alimpa maji ya kunywa na kumwambia, "Kunywa tu mwanangu, hayo yamechemka." Nilikua nikijua kwamba kumpa mtu unayempenda maji yasiyochemka ni kama kumtakia mabaya.

Baba naye wakati huo alikuwa hakai wala halali vizuri. Alikuwa akifika mlangoni, anaangalia zile alama nne, anageuka tena nje. Mimi nilimrithi. Nilikuwa nikitoka darasani bila ruhusa, nakimbia hadi barabarani, nasimama kuangalia magari yanayotoka upande wa Namtumbo, njia ya Lusewa, narudi kuchapwa. Kila siku nilimuuliza bibi mama anarudi lini, na kila siku alinijibu, "Muulize baba yako."

Kisha baba akapata kazi ya madirisha kwa mzee mmoja mjini aliyewahi kuwa bwana samaki, ofisa wa serikali wa ufugaji wa samaki, kabla ya kustaafu. Sebuleni kwa mzee huyo kulikuwa na tangi la kioo lenye majani mabichi na samaki wadogo wa rangi. Bibi aliniambia baadaye kwamba baba alimaliza kazi ile yote kwa mara ya kwanza bila kuikimbia, kwa sababu kila akipumzika alikwenda kusimama mbele ya tangi. Yule mzee akamwambia anaweza kutengeneza la kwake, vioo si anavyo? Ila akamwonya kwamba tangi la samaki na mimea halitaki mtu wa haraka.

Jumamosi iliyofuata baba alikata vioo vitano, akavisimamisha na kuviunganisha kwa silikoni, pale pale palipokaa cherehani, juu ya meza aliyoipigilia mbao za kuitia nguvu. Nyumba nzima ikanuka siki. "Usiguse mpaka wiki iishe," akaniambia. Yeye mwenyewe alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akamimina maji, kona ikaachia, maji yakaenda hadi kwenye unga wa bibi.

Alifungua mdomo. Nikaweka viganja masikioni. Nilifika kama kumi hivi, nikaona ameufunga. Akachukua wembe, akakwangua silikoni yote taratibu hadi jioni, akaanza upya. Safari hii ndoo za maji na ufunguo wa stoo alimkabidhi bibi, akamwambia, "Mama, hata nikiomba usinipe mpaka Jumamosi." Bibi akaufunga ufunguo kwenye upindo wa kitenge chake, akacheka hadi akakohoa.

Tangi likakubali. Tulikwenda Mto Luhira kuchota mchanga, tukauosha kwenye beseni mara nyingi hadi maji yakatoka maangavu. Tukapandisha hadi chemchemi ya chini ya milima, baba akakunja suruali, akaingia kwenye tope, akang'oa majani ya majini yenye mizizi, aina tatu. Tuliyapanda kwenye mchanga kwa vidole, marefu nyuma, mafupi mbele, kama alivyoelekezwa. Akaweka pampu ndogo ya hewa na sifongo ya kuchujia, vyote alivyopewa na yule mzee. Kisha ikawa hakuna cha kufanya.

"Samaki wako wapi?" nikauliza.

"Bado. Majani yatoe mengine kwanza. Maji yatulie."

"Yametulia hayo, baba. Ona, hayatikisiki."

"Si hivyo. Tangi lenyewe ndilo linatulia. Linachukua wiki kadhaa, halionekani kwa macho."

"Likishatulia?"

Alikwangua silikoni iliyoganda kwenye kucha. "Likishatulia, mama atakuja."

Maskini baba. Alikuwa anasema habari za muda tu, kwamba mambo hayo mawili yataangukia wakati mmoja. Mimi nikasikia kwamba tangi ndilo lililomshika mama Lusewa, na tangi ndilo litakalomwachia. Kuanzia hapo sikuwa na raha hata dakika moja. Nilikuwa naamka naenda kwenye kioo kabla ya kunawa uso. Nilihesabu majani. Jani likigeuka njano nilitamani kulia, chipukizi likitokea nilikimbia kumwambia bibi kana kwamba nimeona basi la Namtumbo linaingia. Nilikuwa natia kidole kwenye maji nione kama yametulia, halafu naogopa nimeyavuruga, na muda unaanza upya kwa kosa langu.

Siku moja baba alinieleza samaki watakaokuja. Tangi letu litakuwa la kukaa pamoja, alisema, kwa hiyo ni lazima wote wawe wapole. Ukiingiza mmoja mkorofi wenzake wanajibanza kwenye majani, hawatoki, hawali.

"Sasa yule mkorofi anafanywaje?"

"Anatolewa," akasema. Akasimama, akaenda kwenye dirisha la pili, akaangalia nje ambako hakukuwa na kitu.

Samaki wakaja siku moja ya baridi kali, saba, ndani ya mfuko wa plastiki, wana mikia mipana yenye rangi kama upindo wa kanga. Yule mzee aliwatoa kwenye tangi lake. Baba aliuacha ule mfuko uelee juu ya maji karibu saa nzima kabla ya kuufungua, anaangalia saa, mguu unamchezacheza, lakini hakufungua mapema. Wiki hiyo hiyo nikamsikia anaongea na simu nyuma ya nyumba. Sauti ilikuwa ya chini hadi nikadhani si yeye. "Njoo uone tu," alikuwa anasema. "Jumamosi. Usipopenda, utarudi."

Mama anakuja! Nilizunguka nyumba mbio hadi bibi akanitishia kunifunga kamba kama mbuzi.

Ijumaa niliporudi shuleni nikakuta maji ya tangi yamekuwa meupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Baba akasema hiyo hutokea tangi likiwa changa, tuyaache, yatajisafisha yenyewe, nisiguse. Nisiguse! Mama anakuja kesho, atakuta samaki wetu wanakunywa maji machafu, na baridi ile ya Songea ya mwezi wa sita inawapiga usiku kucha bila shuka. Atasema hawa watu hawawezi kutunza kitu. Atapanda basi lake.

Jumamosi asubuhi baba alikwenda mjini kununua nyama. Bibi alikwenda kwenye sala ya jumuiya kwa jirani. Nikabaki mimi na mkaa uliokuwa bado unawaka.

Nilichemsha sufuria kubwa ya maji mara tatu. Niliyaacha yatokote vizuri, maana bibi alisema yasipotokota ni kazi bure. Nikachuja kwa kile kitambaa cheupe. Nikamimina kwenye ndoo, nikayapooza kidogo tu, nikachovya kiwiko kama nilivyomwona bibi akifanya kabla ya kuogesha mtoto wa jirani. Vuguvugu safi. Kwa kikombe nikachota maji ya zamani hadi samaki wakabaki wanagusa mchanga, kisha nikawamiminia yale mapya, polepole, nikiwaambia, "Kunyweni tu, yamechemka."

Walifurahi. Ndivyo nilivyoona. Wote saba walipanda juu, wakawa wanafungua midomo na kufunga, haraka haraka, nikaona wanaimba. Nikawaza labda wana njaa, nikawavunjia kipande cha kitumbua. Hawakula. Baadaye mmoja akalala ubavu, akafuata wa pili, nikasema ni kweli, hata mtoto akiogeshwa maji ya uvuguvugu husinzia. Nilisogeza kigoda, nikakaa kuwaangalia wakilala. Maji yalikuwa maangavu, ungeweza kuhesabu chembe za mchanga. Nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka sasa naona aibu.

Baba akaingia. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, mfuko wa nyama mkononi. Akaliona tangi, akasimama. Wakati huo huo pikipiki ikasimama nje, upande wa mlango wa mbele, injini yake ikawa inanguruma pale pale bila kuzimwa. Nilidhani ni mtu amepotea njia.

"Wamelala," nikamwambia.

Alipomwangalia yule aliyekuwa akielea tumbo juu ndipo na mimi nikamwona. Sijui kwa nini sikuwa nimemwona. Baba akauweka mfuko chini. Mkono wake wa kulia ukapanda juu, nikaujua, ni ule wa kuanzia kelele, nikaziba masikio na kuanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nilifika ishirini sijasikia kitu. Nikatoa kiganja kimoja. Mkono wa baba ulikuwa umetua juu ya kioo cha tangi, umetulia hapo.

"Ya moto," akasema, kwa sauti ndogo kabisa. "Umewawekea maji ya moto, Oti?"

"Ya vuguvugu. Niliyachemsha kwanza."

"Kwa nini?"

"Wasiumwe tumbo. Na baridi hii." Nikaanza kulia. "Na mama asikute uchafu."

Nje pikipiki inanguruma tu. Baba alikaa chini, sakafuni, yeye ambaye hata kula alikula amesimama, akanivuta nikakaa mapajani kwake ingawa nilikuwa mkubwa. Shati lake lilinuka siki. Aliniambia samaki wanavuta hewa iliyomo ndani ya maji, na maji yakichemka ile hewa inatoka, tena joto la ghafla huwaua.

"Kila siku nakuambia usiguse," akasema. "Sikukuambia kwa nini. Kosa ni langu, mwanangu."

"Tangi halitatulia tena?"

"Tutaanza upya."

"Na mama hatakuja?"

"Sijui," akasema. Nikajua kwamba hajui kweli.

Pikipiki ikavuma kwa nguvu, ikaondoka, sauti ikapotelea barabarani. Halafu mlangoni sauti ikasema, "Hodi humu ndani."

Mama alikuwa na begi dogo, la mtu asiyelala. Nilimkimbilia nikampiga kichwa tumboni, nikawa nasema nimewaua, mama, nimewaua wote. Yeye alinishika kichwa huku akimwangalia baba aliyekuwa bado sakafuni. Kisha akasogea, akainama mbele ya tangi.

"Majani yenu mazima," akasema. "Hayo hayajafa." Halafu akauliza kama tumekula.

Hakulala siku hiyo. Alikuja tena wiki iliyofuata, na nyingine. Tulikaa na majani peke yake karibu hadi mahindi ya msimu uliofuata yakapandwa, na safari hii yule mzee aliponipa samaki alinikabidhi mimi mwenyewe, mkononi. Walikaa. Wakazaa. Ndipo lori la mahindi likaleta cherehani, ikawekwa dirisha la pili, kwa kuwa la kwanza lilikuwa na mwenyewe. Lakini mimi ndani yangu niliendelea kuwabeba wale saba. Niliamini kwamba nusura nimkoseshe baba mke, kwamba kama mama angekuja dakika kumi mapema angewakuta wanakufa, akageuka na kurudi Lusewa. Nimekua na hofu hiyo. Nadhani ndiyo inayonizungusha uani na vikombe vya chai.

Sasa siku hiyo kwangu, mama akiendelea na maharage, bodaboda ilimletea baba mrija mwingine wa silikoni. Dereva akasimama getini bila kuzima, akisubiri baba atoke. Na mimi nikawa nimeshasimama, naangalia geti.

"Kumbe na wewe unaikumbuka," mama akasema.

"Naikumbuka nini?"

"Pikipiki ya siku ile. Mimi ndiye niliyemwambia asizime."

Nikamgeukia.

"Nilimwambia, ukiniona narudi, twende moja kwa moja stendi, usiniulize kitu. Nikaja hadi mlangoni. Nikamkuta baba yako ndio kwanza ameingia, nyama mkononi, hakuniona. Nikasikia mtoto anasema amewachemshia samaki maji." Alichukua kijiwe kwenye ungo, akakiangalia. "Nikasema haya, sasa hivi nyumba inapasuka. Nikashika begi vizuri. Nikasubiri apige kelele."

"Halafu?"

"Nikasubiri sana, Oti. Yule dereva akanipigia honi ndogo, nikamwonyesha mkono, ngoja." Akakitupa kijiwe. "Hakupiga."

Bodaboda iliondoka. Nilikaa kwenye mkeka, nikalia kama yule wa darasa la tatu, na mama aliniacha nilie. Samaki wale saba. Miaka yote hiyo nimewaomba msamaha, na kumbe wao ndio waliomfungulia mama mlango.

"Oti!" baba akaita kutoka dirishani, mikono yake meupe kwa silikoni. "Limekamilika. Njoo ulione, ila usiguse mpaka wiki iishe. Kioo kikitikiswa mapema..."

Akaanza kunieleza kwa nini, kirefu, kama anavyofanya siku hizi kwa kila kitu.

"Sigusi," nikamjibu.

Mama alinyoosha mkono nyuma ya matofali akanipa kikombe changu. Chai ilikuwa vuguvugu. Niliinywa yote nikiwa nimekaa.